Jibini Zikitoka Jasho, Mwalimu Hapandi Kilima

Saa kumi na moja na nusu jioni, Edmond Niyonsenga anaingia katika chumba cha kuivishia jibini, anavuta mlango nyuma yake na kusimama kimya kabla ya kugusa chochote. Halafu anainama hadi ubao wa chini kabisa, ule ulio karibu na ukuta, na kuweka kiganja juu ya jibini moja kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

Kiganja kinateleza.

Anagusa ya pili. Anajinyoosha taratibu, kwa sababu kiuno chake siku hizi hakitaki haraka, kisha anagusa ya tatu kwenye ubao wa juu ambako hewa huwa kavu zaidi. Anapangusa mkono kwenye koti, anatoka nje na kuketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ana uso wa mtu aliyeulizwa swali moja mara nyingi mno.

"Inatoka jasho," anasema. "Fromage ikitoka jasho jioni, ukungu iko njiani. Inaweza kukawia, lakini itakuya tu. Na mimi njo mwenye nitasema hapana tena."

Bondeni, chini ya kilima hiki cha Nyarubande wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, kuna mtu anayengoja jibu hilo akiwa amekwisha kujifunga shuka mbili mabegani. Ni Geneviève Mukandayisenga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Ni mama mzazi wa mke wa Edmond.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Mwalimu Geneviève alichora sayari ya Zohali ubaoni kwa chaki: duara, na pete pana kama ukingo wa kofia ya mkulima. Watoto walioketi mbele yake wamekuwa wakulima, wachimbaji wa madini ya koltani Rubaya, wachuuzi wa samaki Bweremana, na wengine wameishia mbali huko Bisie, katika misitu ya Walikale. Wote wanajua kwamba Saturne, kama wanavyoiita kwa Kifaransa cha shuleni, ina pete. Yeye aliyewafundisha hajawahi kuiona.

Sasa jicho lake la kushoto limefunikwa na utando mweupe, na la kulia limeanza kufuata. Miguu nayo imegoma. Anachotaka, kabla jicho hilo moja halijafunga mlango, ni kupandishwa kilimani penye darubini aione pete hiyo, basi. Hana ombi lingine kwa mtu yeyote, na hilo moja analirudia kila jioni.

Wa kusema apande au asipande ni mkwe wake, mtengeneza jibini.

Si kazi aliyoiomba. Edmond amezaliwa hapa hapa, katika familia ya wakulima wa maharage na mihogo, na alianza kukanda jibini kabla hajaota ndevu. Huamka saa kumi alfajiri kupokea maziwa, huyapasha moto, huyagandisha, hukamua, hutia chumvi. Jioni hugeuza kila jibini ubavu ili isilale upande mmoja. Zamani maziwa yalijaza mapipa mawili kila asubuhi. Ng'ombe wengi wamechukuliwa na wenye bunduki, wengine wamehamishwa na wenyewe kabla hawajachukuliwa, na leo pipa moja halifiki nusu. Barabara ya kwenda Goma nayo inafunguka na kufungwa bila kumwambia mtu, kwa hiyo jibini zinakaa mbaoni zikingoja, kama watu wanavyongoja.

"Nimechoka mpaka ku mifupa," anasema, bila kulalamika, kama anayetaja jina la kijiji chake. "Asubuhi nachoka juu ya maziwa. Jioni nachoka juu ya nyota. Maziwa afadhali, yenyewe haiulize kitu."

Darubini ni ya kikundi kidogo cha watazama nyota kilichoanzishwa na Théogène Manzi, muuguzi wa kituo cha afya cha hapa. Aliachiwa na daktari mmoja aliyekuwa akihama, akaifunga nyuma ya pikipiki kutoka Sake, na njiani mguu wa darubini, ule wa miti mitatu, ukavunjika. Fundi wa kuchomelea akaifunga juu ya bomba la chuma, bomba likasimikwa kwa saruji kileleni, karibu na nyumba ya jibini. Tangu siku hiyo darubini haishuki. Anayeitaka hupanda.

Hata ingeshuka, isingemfaa Mwalimu. Nyumba yake iko shimoni, imezungukwa na mikaratusi, na jioni moshi wa majiko yote ya kijiji hulala hapo hapo usipate pa kwenda.

Théogène ndiye aliyegundua kwamba jirani yake wa kilimani anaijua mbingu kwa kiganja.

"Nilikuwa napanda, naona nyota imejaa, nafungua darubini, mara ukungu ananifunika mimi na darubini yangu," anasimulia muuguzi huyo huku akicheka. "Papa Edmond anatoka mu fromagerie, anasema, 'Nilijua.' Siku moja nikamuuliza: sasa kama unajua, juu ya nini hausemaka mbele, nilale mu nyumba yangu?"

Kuanzia hapo Edmond akawa wa kuulizwa. Na mbingu ya Masisi, kwa kweli, haina adabu. Mvua hutoka magharibi, upande wa Walikale, kwa hiyo Edmond hutazama kwanza kama kuna umeme unaopepesa juu ya msitu. Kisha hugeukia taa za wachimbaji kwenye vilima vya Rubaya. Kila taa ikisimama peke yake, hewa ni safi. Zikiyeyukiana kama mafuta kikaangoni, hewa ina vumbi au unyevu, na hakuna haja ya kusumbua watu.

Baada ya hapo huinua macho na kuangalia namna nyota zinavyotetemeka. "Nyota ikicheza sana, Saturne mu darubini inachemka kama maziwa mu chungu," anaeleza. "Utaiona, lakini hautajua unaona nini."

Shida ni kwamba mbingu safi na hewa tulivu hazipendani. Mvua ikishanyesha, mbingu inakuwa safi lakini hewa inatikisika. Hewa ikitulia, ukungu unapanda kutoka ziwani kule chini na mabondeni na kufunika kila kitu. Katikati ya hapo kuna nafasi nyembamba ya jioni chache tu katika msimu mzima. Wakati wa kiangazi ni moshi wa mashamba yanayochomwa. Na mwaka mpya ukifika, Zohali itakuwa inazama mapema nyuma ya misitu ya Walikale, halafu itabidi kungoja irudi. Jicho la Mwalimu halijaahidi kungoja.

Watu wengi wa kilima hiki wana kipimo chao rahisi: tumbo la mawingu likiwa jekundu kwa moto wa volkano iliyo upande wa Goma, kuna mawingu, lisipokuwa jekundu, mbingu ni safi. Edmond hakiamini. Anasema ukungu wa chini unaweza kuificha volkano yenyewe pamoja na wekundu wake, na wewe ukafurahi bure kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana anaanza na jibini. Jibini ni baridi, haina maoni, na unyevu ukija huifikia yenyewe kabla haujamfikia mtu.

Kosa alilowahi kufanya Edmond, basi, halikutoka katika jibini. Lilitoka kanisani.

Katika familia hizi, mkwe na mama mkwe hawazungumzi ovyo. Mwanamume hamtazami usoni kwa muda mrefu, hali chakula mbele yake, na akiombwa jambo naye, husema ndiyo, hata kama baadaye atatafuta njia ya kulikwepa. Neno "hapana" hupitia kwa mke, na mke hulilainisha njiani kabla ya kulifikisha. Edmond aliishi hivyo kwa miaka yote ya ndoa yake, na hakuna aliyemlaumu.

Jumapili moja mwanzoni mwa mvua, watu wakitoka misa, Mwalimu Geneviève alikuwa ameketi kwenye ukuta wa kanisa. Mkwe wake alipopita akiwa na kofia mkononi, alimwita mwenyewe, mbele ya wote.

"Mukwe wangu, leo magaribi mbingu itakuwa muzuri?"

Asubuhi hiyo jibini zilikuwa zimelowa hadi chumvi ikatiririka mbaoni. Edmond alijua jibu kabla swali halijaisha.

"Ndiyo, mama," akasema. "Itakuwa muzuri."

Anapolieleza jambo hilo sasa, anatazama viatu vyake. "Kinywa kilisema chenyewe. Nilikisikia kama vile anasema muntu mwingine."

Mwalimu alibebwa na wanaume wanane, wanne kwa wanne kwa kupokezana, juu ya tipoyi, kile kitanda cha mianzi kinachobebwa mabegani. Ni wanaume wale wale wanaoshusha wagonjwa na wajawazito kwenye kituo cha afya. Kila nyumba hutoa mtu wake na hakuna anayelipwa. Wakiwa katikati ya mlima ukungu ukawafunga. Kiongozi wao, Jean-de-Dieu Tumukunde, akateleza, goti likagonga jiwe. Walifika juu wakapitisha saa nzima ndani ya nyumba ya jibini, bibi akitetemeka kati ya mbao, wakitumaini ukungu utaondoka. Haukuondoka.

Mwalimu akashikwa na kichomi. Alilazwa, akakohoa hadi watu wakaanza kuulizana pembeni nani ana mbao nzuri za sanduku. Akapona. Ni mwanamke mkaidi.

Hakuna aliyemtukana Edmond, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Sisi wote tulijua," anasema Jean-de-Dieu, ambaye hadi leo anatembea akitupa mguu wa kulia pembeni. "Nani mu Nyarubande angeweza kumwambia mama mukwe hapana, mbele ya kanisa nzima? Hata mimi ningesema ndiyo. Lakini goti langu halijui heshima. Lenyewe liliumia tu."

Baada ya hapo Edmond akageuka upande wa pili. Kila jioni Estelle, mke wake, alisimama nyuma ya nyumba ya mama yake na kupaza sauti kuelekea kilimani kuuliza, na kila jioni jibu lilishuka lile lile: leo hapana. Jibini zikiwa na unyevu kidogo, hapana. Jibini zikiwa kavu lakini upepo ukibadilika, hapana. Taa za Rubaya zikisimama moja moja kama zimehesabiwa, na bado hapana, kwani nani anajua.

Jioni moja kati ya hizo mbingu ilikuwa safi kuliko zote za msimu. Théogène alikuwa peke yake kwenye darubini. Aliiona Zohali imetulia kabisa, na siku ya pili, kwa kuwa muuguzi yule hajawahi kufunga mdomo juu ya jambo zuri, alimsimulia kila mgonjwa aliyekuja kuchomwa sindano. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kwa Mwalimu.

Aligeukia ukutani. Hakula.

"Mama alisema, 'Bwana yako ananificha,'" Estelle anakumbuka. "'Anaona mimi ni muzigo ya kupandisha. Aseme basi, nijue.' Nililia, juu najua bwana yangu. Haiko vile. Anaogopa tu. Anaogopa kumuua."

Wabebaji nao walichoka kukaa na tipoyi tayari bure. Jean-de-Dieu akasema neno lililozunguka kijiji kizima. "Ndiyo yake ilitoka ku heshima. Hapana yake inatoka ku woga. Sasa ile ya mbingu yenyewe, tutaisikia siku gani?"

Ndipo Mwalimu Geneviève alipotuma ujumbe. Leo mkwe asipaze sauti kutoka kilimani. Leo ashuke, aje amwambie mwenyewe.

Hiyo ndiyo jioni aliyoketi juu ya ndoo, kiganja kikiwa bado na unyevu wa jibini.

Anaposhuka, mambo yote yanampinga. Mvua imenyesha mchana na kuosha kila kitu. Hakuna wekundu wowote upande wa volkano. Magharibi juu ya Walikale hakuna hata umeme mmoja. Juu ya mikaratusi Zohali imekwisha kutokeza, tulivu, ya rangi ya siagi, na mtu yeyote asiyejua jibini angesema huu ndio usiku wenyewe.

Uani kwa Mwalimu watu wamejaa. Wabebaji wanane wamesimama, tipoyi iko chini mbele yao ikiwa imetandikwa godoro. Tochi zimefungwa vipande vya kitenge chekundu, ili macho yabaki yamezoea giza, na chifu amekwisha kuwaarifu wenye silaha wa eneo hilo kwamba taa zitakazoonekana kilimani ni za wazee wanaotazama nyota. Théogène yupo. Akiulizwa maoni yake anakuna kichwa na kusema kwake yeye ni nusu kwa nusu.

Mwalimu ameketi kwenye kiti mlangoni. Ananyanyua uso kuelekea pale anapodhani mkwe wake amesimama.

"Mukwe."

"Mama."

"Bananiambia Saturne iko inawaka. Mimi mwenyewe nimeona kama kitu kinang'aa pale juu ya miti. Niambie. Nipande?"

Edmond amevua kofia. Anaizungusha mikononi, mara moja, mara mbili. Mke wake amesimama nyuma ya kiti cha mama yake na kwa mazoea ya miaka mingi anafungua kinywa ili ajibu yeye. Edmond anamwonyesha kwa mkono anyamaze.

"Hapana, mama," anasema.

Mzee mmoja anageuza uso pembeni kama aliyeona mtu akivuliwa shati.

"Leo hapana," Edmond anaendelea. "Iko inaonekana muzuri, ni kweli. Lakini fromage imelowa, ya chini na ya juu. Ukungu atatukuta njiani, kama ile siku. Na ile siku pia nilijua, mama. Nilijua kabla ya kukujibu. Sikuweza kukuambia."

Aliyefundisha darasa la watoto sabini anajua kunyamaza hadi mtu atoke jasho.

"Ile siku ulijua," anarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na ile siku yenye Théogène aliona yote?"

"Ile sikujua kitu. Niliogopa."

Mwalimu anaanza kucheka. Kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinarudi kuwa kicheko, hadi Estelle anampigapiga mgongoni. "Miaka yote ile umekula mu nyumba yangu, hii njo mara ya kwanza naongea na wewe," anasema. "Estelle, mupatie kiti."

Anakaa. Anapewa chai, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa anainywa mbele ya mama mkwe, kwa mafunda madogo ya aibu. Wabebaji nao wanaketi juu ya tipoyi yao. Watu hawaondoki, kwani hakuna anayetaka kukosa mwisho wake. Zohali inaendelea kuwaka juu ya mikaratusi kama inayomtania mtu, na Edmond hainui macho kuitazama.

Chai inapokwisha, mti wa mwisho kule mteremkoni hauonekani tena. Halafu wa katikati. Halafu ukungu unaingia uani polepole, unapita kati ya miguu ya watu, unakaa. Nyota inakufa pale pale ilipokuwa.

Hakuna anayepiga makofi. Jean-de-Dieu anasimama, anapapasa goti lake, anasema kwa sauti ya kumfikia kila mmoja: "Muntu mwenye anaweza kumwambia mama mukwe yake hapana mu uso, huyo akisema ndiyo nitabeba. Hata kama mvua inanyesha nitabeba." Wenzake wanaitikia kwa kunyanyua tipoyi na kuirudisha ndani ili isilowe.

Juma hilo barabara ilifungwa tena, na mwandishi wa habari hizi akabaki Nyarubande akila jibini na viazi. Jioni zikafuata za hapana, nyingine kwa mvua, nyingine kwa hewa iliyotikisika. Edmond alishuka kila mara kuzisema mwenyewe, na kila mara alipewa kiti. Alikonda. Alikuwa akilala akiwa ameshika ndoo ya maziwa.

Kisha ikaja jioni ambayo alitoka katika chumba cha jibini akiangalia kiganja chake kama cha mtu mwingine. Kilikuwa kikavu. Akarudi ndani akagusa tena, mbao zote. Akatazama Rubaya: taa zilisimama moja moja. Akatazama magharibi. Akangoja nyota za kwanza, akazikazia macho hadi yakatoka machozi, na hazikutetemeka. Hakushuka. Alisimama ukingoni mwa kilima na kupaza sauti yote aliyokuwa nayo.

"Ndiyo! Mama apande!"

Kule chini hakuna aliyeuliza mara ya pili. Tochi nyekundu zilianza kupanda kabla mwangwi haujaisha.

Walimfikisha saa mbili kasoro, akiwa amefungwa mablanketi kama mtoto mchanga. Théogène alikuwa amekwisha kuielekeza darubini. Wakaisogeza tipoyi, Jean-de-Dieu akamshika kichwa kwa mikono miwili, na Mwalimu Geneviève akaweka jicho lake la kulia kwenye kioo.

Alikaa hapo. Alikaa hadi watu wakaanza kutazamana.

"Mama, unaona?" Estelle aliuliza.

"Iko ndogo," Mwalimu akasema. Halafu baadaye: "Mimi nilichora kofia. Hii haiko kofia. Iko kama haragi moja yenye bamechoma na sindano, imetokea huku na huku."

Alitoa jicho, akapangusa machozi kwa ncha ya blanketi, akalirudisha. "Batoto bote bale," akasema. "Nilibafundisha vibaya."

"Hapana, Mwalimu, haukukosa," Théogène akamwambia haraka, akichuchumaa kando yake. "Pete iko inainama na kuinuka, kidogo kidogo. Mwaka huu tunaiona ku ubavu, njo maana iko nyembamba kama sindano. Mwaka kesho itaanza kufunguka. Na mwaka wa kufuata zaidi. Itakuwa kofia kabisa, vile ulichora."

"Itakuwa kofia kabisa siku gani?"

Katika kazi yake muuguzi amezoea kusema mambo magumu, lakini hili alilisema akitazama chini. "Inaomba kama miaka saba, Mwalimu."

Mwalimu Geneviève alihesabu kimya, midomo ikicheza. Kila mtu kilimani alihesabu pamoja naye na kufika mahali pale pale.

"Basi nitangoja," akasema.

Akageuza kichwa gizani, akimtafuta mkwe wake kwa jicho lisiloona na lile linaloona kidogo. "Mukwe. Utakuwa unaniambia?"

Edmond alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba ya jibini, macho yamemvimba kwa usingizi, na maziwa yalikuwa yanamngoja alfajiri.

"Ndiyo, mama," akasema.

Walipoanza kushuka na tipoyi, Jean-de-Dieu alipita karibu naye akichechemea na kumchokoza kwa kiwiko. "Na hii 'ndiyo' ya sasa, Papa Edmond? Imetoka ku heshima ao ku fromage?"

Edmond alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango, ili akageuze jibini zake kabla ya kulala.

"Hii," akasema, "imetoka kwangu."